Kompyuta Uliyoiunganisha Upya Haiwaki: Uikague, Uivue, Uipime au Ubadilishe Vifaa?

Umehamishia kila kitu kwenye kasha jipya, au umebadilisha bodi mama, au uliivua yote ili utoe vumbi na kupaka pesti mpya juu ya prosesa. Umekaza skrubu ya mwisho, umebonyeza kitufe, na mashine imenyamaza. Au feni zinazunguka vizuri tu lakini skrini ni nyeusi tii. Ukiuliza, wa kwanza atakwambia uchomoe RAM (vijiti vya kumbukumbu ya muda) na kuirudisha, wa pili ataapa kwamba pawa saplai, lile boksi linalogawa umeme ndani ya kasha, imekufa, wa tatu atakutaka uvue kila kitu uanze moja. Kila mmoja ana siku aliyowahi kuwa sahihi, ndiyo maana ushauri wao haukusaidii kuchagua.

Hapa nalinganisha njia nne za kutafuta tatizo, na ya tano ya kumkabidhi fundi. Nitaje upande wangu mapema: kompyuta iliyofanya kazi jana ikagoma leo baada ya kuunganishwa upya, mara nyingi haina kifaa kilichokufa. Ina kebo iliyosahaulika, kitu ambacho hakijakaa sawasawa, au mpangilio uliobadilika. Mshukiwa wa kwanza ni mkono uliopita ndani. Lakini mshukiwa anaweza kuachiwa huru, na zipo hali ambazo kukagua kebo kwa saa tatu ni kupoteza muda.

Kwanza: haiwaki vipi?

Neno "haiwaki" linabeba mambo manne tofauti, na njia inayofaa kwa moja inaweza kuwa ya hovyo kwa jingine.

Kuna kimya kabisa: hakuna feni, hakuna taa, hakuna chochote. Kuna kushtuka: feni zinageuka nusu mzunguko, zinasimama, pengine zinajaribu tena baada ya sekunde chache. Kuna kuzunguka bila picha. Na kuna ile ambayo nembo inaonekana, hata biosi (programu ndogo ya bodi mama inayoamsha vifaa) unaingia, ila mfumo endeshi haupakiwi.

Hiyo ya nne niimalize hapa hapa, kwa kuwa si ugonjwa wa familia moja na hizo nyingine. Bodi mama mpya, au biosi iliyorudishwa mwanzo, husahau jinsi diski zilivyokuwa zikisomwa. Kama zamani ilikuwa RAID na sasa ni AHCI (njia mbili tofauti za kusoma diski), au diski iliwekewa mfumo kwa mtindo wa zamani na bodi mpya inataka UEFI, mtindo mpya wa kuwasha, peke yake, Windows haitapanda. Angalia mpangilio huo kabla ya kufikiria kufuta diski. Na kama diski ilifungwa kwa BitLocker, kufuli la siri la Windows, kubadilisha bodi kunaweza kuifanya idai ufunguo wa kurejesha, ule wa tarakimu 48. Utafute kwenye akaunti yako ya Microsoft au popote ulipouhifadhi. Ni vizuri kuwa nao mkononi kabla hujagusa biosi.

Kuna hali nyingine inayodanganya watu wengi siku hizi. Bodi zinazotumia RAM ya kizazi cha DDR5, hasa zile za soketi ya AM5 ya AMD zilizotoka mwaka 2022, huifundisha RAM, yaani huijaribu ili kupata mpangilio unaoifaa, mara ya kwanza baada ya kubadilishwa kitu. Kipindi hicho skrini huwa nyeusi, feni zinazunguka, na huenda mashine ikajizima na kujiwasha yenyewe. Inaweza kuchukua dakika kadhaa, na RAM ikiwa nyingi huchukua zaidi. Mtu asiyejua hukata umeme dakika ya pili, anaanza tena, anakata tena, na usiku unakwisha hivyo. Subiri robo saa, nenda kafanye kitu kingine.

Vigezo

Njia zote nazipima kwa mambo matano: unachohitaji kuwa nacho, muda, hatari ya kuharibu kitu kingine, uzito wa jibu unalopata, na mtu inayemfaa. Cha nne ndicho ninachokithamini kuliko vyote. Njia ikikuachia mashine inayowaka lakini hujui kilichokuwa kimeiua, imekuachia deni.

Kwa zote, kabla ya kugusa chochote ndani: zima swichi iliyo nyuma ya pawa saplai, chomoa waya ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe. Waya ukiwa ukutani na swichi ikiwa imewashwa, bodi inapata volti 5 za akiba hata kama kompyuta "imezimwa". Ndiyo sababu bodi nyingi huwa na taa ndogo inayowaka muda wote. Kuchomoa RAM taa hiyo ikiwa inawaka ni kutafuta balaa. Gusa chuma cha kasha mara kwa mara kupunguza umeme tuli. Pawa saplai yenyewe usiifungue kamwe. Kapasita zake hubaki na umeme hatari hata baada ya kuchomolewa.

Njia ya kwanza: kukagua bila kuvua

Unachohitaji. Tochi, bisibisi, na kitabu cha bodi mama. Kama umekitupa, kipo kwenye tovuti ya mtengenezaji. Bila kitabu, njia hii inakuwa kubahatisha.

Muda. Nusu saa ukiifanya kwa utulivu.

Hatari. Ndogo sana. La kukumbuka tu ni kwamba kurudisha biosi mwanzo kunafuta mipangilio yako yote, pamoja na ile ya diski niliyoitaja juu.

Jibu lake. Hapa ndipo makosa mengi hukamatwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Anza na swichi ya nyuma ya pawa saplai. Ndiyo, hiyo hiyo yenye alama ya mstari na duara. Kisha kebo kubwa ya pini 24: ina kibanio kinacholia "ta" kikishika, na mara nyingi watu huogopa kuisukuma hadi mwisho. Baada ya hapo nenda pembeni mwa prosesa, kwenye kona ya juu ya bodi, utafute tundu la pini 8. Hiyo ni kebo ya umeme wa prosesa, na kama kungekuwa na mashindano ya kitu kinachosahaulika, hii ingekuwa bingwa. Ikikosekana, mashine huwa na feni na taa lakini haionyeshi picha. Kuna wanaochomeka kebo ya kadi ya grafiki hapo kwa nguvu, kwa sababu nayo ina pini 8. Tofauti ni rahisi: ya prosesa hugawanyika nne na nne, ya kadi hugawanyika sita na mbili. Ukiona inakataa kuingia, inakwambia ukweli.

RAM iwe kwenye sloti ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, kama ni vijiti viwili na bodi ina sloti nne. Kama ni kijiti kimoja, bodi nyingi hukitaka kwenye ya pili. Isukume hadi vibanio virudi vyenyewe. Baadhi ya bodi zina kibanio upande mmoja tu, na ule upande usio nacho ndio unaobaki juu milimita moja bila mtu kuona.

Kadi ya grafiki ipate kebo zake zote, na kebo ya monita iingie kwenye kadi, isiingie kwenye bodi. Kinyume chake pia hutokea: mtu ametoa kadi ili apunguze vitu, akachomeka monita kwenye bodi, wakati prosesa yake haina grafiki ndani. Prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni, mfano i5-12400F, hazina. Ryzen 5 5600X ya AMD haina vilevile. Skrini itabaki nyeusi hata kama kila kitu kingine ni kizima.

Kwa mashine iliyo kimya kabisa, shuku nyaya nyembamba za kitufe. Zinaingia kwenye pini ndogo chini ya bodi, na herufi zake ni ndogo kiasi cha kutia hasira. Kabla ya kuhangaika nazo, zichomoe, rudisha umeme, kisha gusisha pini mbili za kitufe cha kuwashia kwa ncha ya bisibisi kwa nusu sekunde. Mashine ikiwaka, tatizo lilikuwa kitufe au waya wake. Waya wa kitufe hauna chanya wala hasi, kwa hiyo kuugeuza hakudhuru. Taa ndizo zenye upande.

Mwisho, hakikisha feni ya prosesa iko kwenye pini zilizoandikwa CPU_FAN, maana bodi nyingine hukataa kuendelea zisipoihisi. Kisha rudisha biosi mwanzo kwa kutoa betri ile bapa ya CR2032 kwa dakika chache, au kwa pini mbili zilizoonyeshwa kwenye kitabu.

Udhaifu wa njia hii ni mmoja, nao ni mkubwa: macho yanayokagua ndiyo yale yale yaliyounganisha. Unaona ulichokusudia kukifanya. Kwa hiyo usikague kwa kutazama. Chomoa kila kebo uichomeke upya, hata ile unayoamini iko sawa. Na hata ukifanya hivyo, kilicho chini ya bodi au chini ya prosesa hukioni.

Inamfaa nani. Kila mtu kama hatua ya mwanzo, na hasa yule ambaye hana kifaa cha ziada wala kipimo. Haimfai aliyeshakagua mara tatu. Ya nne haitaleta jipya.

Njia ya pili: kuvua hadi kubaki na kiini

Unatoa bodi nje ya kasha, unaiweka juu ya boksi la karatasi ngumu, unaiachia prosesa na kipoza chake, kijiti kimoja cha RAM, na pawa saplai. Kadi ya grafiki inabaki ikiwa tu prosesa haina grafiki. Hakuna diski, hakuna USB za mbele, hakuna feni za ziada. Unaiwasha kwa bisibisi. Usiiweke juu ya ule mfuko wa rangi ya fedha uliokuja nayo, maana unaweza kupitisha umeme.

Unachohitaji. Meza, boksi, bisibisi, na pesti mpya kama utalazimika kuinua kipoza cha prosesa.

Muda. Saa moja kuvua na kujaribu, nyingine kurudisha. Wanaoharakisha hapa hurudi mwanzo.

Jibu lake. Niseme yaliyonikuta. Nilihamisha mashine yangu kwenye kasha kubwa zaidi. Nikibonyeza, feni zinageuka robo mzunguko, "tiki" moja kutoka kwenye pawa saplai, kimya. Nikasubiri, nikabonyeza, vilevile. Nilikuwa nimeshamhukumu pawa saplai na nilikuwa natafuta mwingine. Nilipoitoa bodi na kuilaza juu ya boksi, ikawaka mara ya kwanza, na mlio wake mfupi wa kusema niko mzima. Nikachukua tochi kuangalia ndani ya kasha tupu. Kile kisahani cha chuma kinachobeba bodi kilikuwa na vinguzo vya shaba vilivyofungwa kiwandani kwa ajili ya bodi za ukubwa tofauti. Kimoja kilisimama mahali ambapo bodi yangu haina tundu. Kilikuwa kikigusa mgongo wa bodi, kwenye ncha zilizochomelewa, na kupiga shoti kila nilipowasha. Nyuma ya bodi palikuwa na alama ndogo ya duara, ya kung'aa, utadhani imepigwa muhuri. Nilikitoa kinguzo kwa koleo na kila kitu kikarudi.

Hilo ndilo njia hii inalolikamata kuliko nyingine yoyote: shoti za kasha, skrubu iliyodondoka nyuma ya bodi, kebo ya USB ya mbele yenye pini iliyopinda, diski moja inayovuta mashine nzima chini. Ikiwaka mezani, ongeza kitu kimoja, zima, washa, ongeza kingine. Kitu cha mwisho kuongezwa kabla haijagoma tena ndicho unachokitafuta, au angalau tundu lake.

Isipowaka mezani, jibu linakuwa dogo. Umejua kwamba ubaya uko ndani ya vitu vinne, lakini hujajua ni kipi.

Hatari. Ya kati, na watu huidharau. Kila unapovua unapata nafasi mpya ya kuvunja. Kwenye soketi za AM4 za AMD, pini ziko kwenye prosesa yenyewe, na pesti iliyokauka inaweza kuing'oa prosesa pamoja na kipoza huku soketi ikiwa imefungwa. Pasha prosesa joto kidogo kwa kuitumia kama inawezekana, kisha zungusha kipoza taratibu kushoto na kulia kabla ya kuinua. Kwenye soketi za Intel kama LGA1700, pini ziko kwenye bodi na ni laini kama nywele. Kidole au kona ya prosesa ikizigusa, zinapinda.

Inamfaa nani. Mwenye mashine inayoshtuka na kuzima, mwenye kasha jipya, mwenye vitu vingi ndani. Pia mwenye subira. Kama mikono yako inatetemeka au umeme wa taa ni hafifu, acha hadi asubuhi.

Njia ya tatu: kusoma ishara na kupima

Unachohitaji. Inategemea bodi. Nyingi za miaka ya karibuni zina taa nne ndogo zilizoandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT. Zenye hadhi ya juu zina kioo kidogo cha tarakimu mbili. Zisizo na hivyo huwa na pini nne za kuchomeka spika ndogo ya milio. Kwa upande wa umeme utahitaji multimita (kifaa cha kupimia volti), au kipimio cha pawa saplai kilichotengenezwa tayari.

Muda. Mfupi kuliko zote kwa taa: dakika moja. Kupima umeme ni nusu saa kwa aliyezoea.

Jibu lake. Bodi inapowashwa hujikagua kwa mpangilio: prosesa, RAM, kadi ya grafiki, kisha diski ya kuanzia. Taa inayoganda inaonyesha iliposimama. Kwenye bodi nyingi zenye biosi iliyotengenezwa na AMI, kioo kikiandika 55 maana yake RAM haijaonekana, na d6 maana yake hakuna kifaa cha kutoa picha. Milio hutofautiana kati ya biosi na biosi, kwa hiyo orodha ya milio uliyoikuta mahali fulani haina thamani kama si ya bodi yako.

Sasa angalizo ambalo limeniokoa zaidi ya mara moja. Taa inakwambia safari ilikatikia wapi, haikwambii aliyeikata. Taa ya DRAM inapoganda watu hukimbilia kununua RAM. Lakini kwenye kompyuta za sasa kinachoongoza RAM kiko ndani ya prosesa. Pini moja iliyopinda kwenye soketi, au kipoza kilichokazwa upande mmoja kuliko mwingine, huwasha taa hiyo hiyo ya DRAM huku RAM ikiwa nzima kabisa. Kama ulitoa prosesa wakati wa kuunganisha, iangalie hiyo kwanza.

Kwa mashine iliyo kimya kabisa, multimita ndiyo yenye kauli. Pini ya 9 ya kebo kubwa, ambayo kwenye nyaya za rangi huwa ya zambarau, inatakiwa kuwa na volti 5 muda wote waya ukiwa ukutani na swichi imewashwa. Hakuna volti 5 hapo, basi usiendelee kulaumu bodi: anza na soketi ya ukutani, waya, kisha pawa saplai. Zikiwepo, unaweza kuilazimisha pawa saplai iwake ikiwa peke yake, kwa kuunganisha pini ya 16, ile ya kijani, na yoyote nyeusi. Nyaya za siku hizi mara nyingi ni nyeusi zote, kwa hiyo hesabu pini kwa mchoro, usihesabu kwa rangi. Ikiwaka, mistari ya umeme inatakiwa isitoke nje ya asilimia 5: ya volti 12 iwe kati ya 11.40 na 12.60, ya volti 5 kati ya 4.75 na 5.25, ya volti 3.3 kati ya 3.14 na 3.47 hivi. Feni ya pawa saplai isipozunguka usishtuke. Nyingi huiacha imesimama mzigo ukiwa mdogo.

Kasoro: pawa saplai inayopima vizuri bila mzigo inaweza kuporomoka ikipewa mzigo. Multimita ikisema mbaya, iamini. Ikisema nzuri, chukua kama habari njema ambayo haijathibitishwa.

Hatari. Kusoma taa hakuna hatari. Kupima kunayo: ncha ya multimita ikiteleza ikagusa pini mbili kwa pamoja, umetengeneza shoti mwenyewe.

Inamfaa nani. Mwenye bodi yenye taa au kioo, na mwenye kompyuta iliyo kimya kabisa. Mtu ambaye hajawahi kushika multimita anunue kile kipimio cha tayari, au asome taa tu aishie hapo.

Njia ya nne: kubadilishana vifaa

Unachohitaji. Vifaa vingine vizima, vinavyooana na vyako. Hapo ndipo wengi wanapokwama. DDR4 na DDR5 zote zina pini 288 lakini mkato wake haulingani, hazibadilishani. Prosesa haiingii kwenye soketi isiyo yake.

Muda. Dakika kumi kama unavyo. Wiki nzima kama unasubiri kuazimwa.

Jibu lake. Zito kuliko yote, kwa sharti moja ambalo watu hulisahau. Ukiweka RAM ya rafiki na mashine ikawaka, rudisha ile yako ya zamani ujaribu tena. Mara nyingi itawaka nayo pia. Dawa ilikuwa kule kuchomoa na kuchomeka, na bila kurudisha ungetupa kifaa kizima. Halafu badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha RAM na pawa saplai kwa pamoja, umejua kwamba inawaka, basi.

Upande wa majaribio una maana pia. Kupeleka kifaa chako kinachoshukiwa kwenye mashine nzima na kuleta kifaa kizima kwenye mashine yako mbovu ni mambo mawili tofauti. RAM unaweza kuipeleka bila wasiwasi mwingi. Pawa saplai inayoshukiwa usiipeleke kwenye kompyuta ya mtu, maana ikiwa mbaya kweli inaweza kuondoka na bodi yake. Na prosesa nzima usiiweke kwenye bodi ambayo hujaangalia pini zake.

Hatari. Kubwa kuliko zote, na sababu kubwa ni kebo. Pawa saplai zenye kebo za kuchomoka hazina mpangilio mmoja wa pini upande wa pawa saplai. Kebo inaweza kuingia vizuri kabisa kwenye pawa saplai ya aina nyingine na kupeleka volti 12 mahali pa volti 5. Jamaa yangu alibadilisha pawa saplai akaacha kebo za zamani ndani ya kasha kwa kuwa alikuwa amezipanga vizuri, akazichomeka kwenye ile mpya. Diski mbili hazikuamka tena. Ukibadilisha pawa saplai, badilisha na kebo zake zote, hata kama ni mtengenezaji yule yule.

Kuna mtego mwingine wa aina hii kwa aliyenunua prosesa mpya: huenda ni nzima na bodi ni nzima, ila biosi ni ya zamani na haiijui. Bodi za aina ya B450 za prosesa za AMD, kwa mfano, zilitoka kabla ya prosesa za Ryzen 5000 na zinahitaji biosi mpya kwanza. Bodi nyingine zina kitufe cha kuandika biosi kwa flashi hata bila prosesa. Faili iwe na jina linalotakiwa na flashi iwe imeformatiwa kwa mtindo wa FAT32.

Inamfaa nani. Mwenye mashine mbili zinazofanana, mwenye rafiki mvumilivu, au aliyekwisha kupunguza washukiwa hadi wawili kwa njia nyingine. Anayeanza na njia hii kwa kununua kifaa kipya kwa kukisia tu, namwonea huruma.

Njia ya tano: fundi

Utahitaji kumwamini mtu na kungoja zamu yako. Fundi mzuri ana stoo ya vifaa vizima, kwa hiyo njia ya nne anaifanya kwa nusu saa. Hatari yake iko kwenye data na kwenye jibu: toa diski zako kabla hujaipeleka kama tatizo halihusu diski, na omba akwambie alichokikuta, si kwamba "imepona" tu. Mweleze ukweli wote, hata ule wa aibu. Ukimficha kwamba kipoza kilidondokea soketi, atatafuta kwenye RAM.

Inamfaa mwenye pini zilizopinda, aliyesikia harufu ya kuungua, na asiye na muda. Kama vifaa bado vina dhamana, anza na aliyekuuzia kabla ya fundi yeyote kufungua chochote.

Uchague ipi, kwa hali yako

Kimya kabisa, hakuna hata taa ya bodi. Swichi ya nyuma, soketi ya ukutani, kisha multimita kwenye volti 5 za akiba. Zikiwepo, gusisha pini za kitufe kwa bisibisi. Usivue kitu kabla ya hapo.

Bodi ina taa lakini kitufe hakileti chochote. Nyaya za kitufe kwanza, kebo ya pini 24 pili. Njia ya kwanza inatosha mara nyingi.

Inashtuka na kuzima. Ichomoe ukutani dakika chache ili ulinzi wa pawa saplai ujirudishe, kisha ivue uilaze mezani. Hii ni dalili ya shoti, na macho hayaioni ikiwa imejificha nyuma ya bodi.

Feni zinazunguka, skrini nyeusi, bodi ina taa za ishara. Subiri robo saa, soma taa, kisha kagua eneo la taa hiyo na jirani yake. RAM kijiti kimoja kimoja, sloti moja moja.

Feni zinazunguka, skrini nyeusi, bodi haina taa wala spika. Kebo ya prosesa, mahali ilipochomekwa monita, RAM, kurudisha biosi. Isipokubali, mezani.

Ulibadilisha prosesa au bodi. Orodha ya prosesa zinazokubaliwa iko kwenye tovuti ya mtengenezaji wa bodi, pamoja na toleo la biosi linalohitajika. Isome kabla ya kuvua hata skrubu moja.

Umesikia mlipuko mdogo, umeona moshi, au pananuka plastiki iliyoungua. Usiwashe tena kujaribu "mara ya mwisho". Chomoa ukutani. Usiazime kifaa cha mtu, usipeleke chako kwake. Hapo ni fundi au dhamana.

Imewaka, lakini hujui kwa nini. Acha ubavu wa kasha wazi kwa siku mbili tatu. Izime kabisa usiku, ichomoe, iwashe asubuhi ikiwa ya baridi. Ikigoma tena asubuhi, chomeka upya kitu kimoja tu, kile ulichokigusa mwisho, halafu andika pembeni ulichofanya kabla ya kugusa kingine.